Nilivyomchagulia Mghoi Shule Nikiwa Riyadh

Wasichana wangu, mnapokuja kwangu hapa Voi na pasipoti zenu mpya, mnaniuliza kama joto la Riyadh linaua, kama kila madam ana makelele, kama mtu huruhusiwa kushika simu. Nawajibu kila mara. Joto haliui, linakasirisha tu. Madam ni kama wifi, yupo wa kukubembeleza na yupo wa kukukunjia uso hata ukikohoa. Simu ni bahati yako na nyumba utakayoangukia. Mkishasikia hayo mnamaliza chai yangu na kwenda zenu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza jambo lililonitoa jasho kuliko pasi ya mvuke. Siku mtoto wako anapotakiwa kuchagua shule, na wewe uko jikoni kwa watu, utamchagulia kwa macho gani?

Mimi nilianza kazi za ndani Saudia wakati Mghoi wangu hajajua kufunga vifungo vya sweta. Nilikuwa nikija likizo kila mkataba ukiisha, nakaa kidogo, natia sahihi mwingine, narudi. Wengine wenu mnasema mwanamke wa umri wangu hastaafu. Magoti yangu hayana habari hiyo. Nyumba ya ghorofa tatu, unapanda na ndoo unashuka na zulia, hiyo inakustaafisha kabla serikali haijajua umezaliwa. Lakini si magoti yaliyonirudisha nyumbani.

Kwanza niwaambie kuhusu Saida, maana bila yeye hamtaelewa kosa langu lilitoka wapi. Saida ni mtu wa Malindi, alikuwa akifanya kazi jirani na nyumba ya madam wangu wa kwanza na amekaa Riyadh kabla yangu miaka mingi. Paa za nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta wa kifuani, na sote tulianika nguo huko juu baada ya alasiri, wakati wenyewe wamejilaza. Huko ndiko nilikosomea. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi wiki zangu za mwanzo nilikuwa kamba tupu. Niliona abaya ya madam imeingia unga, nikaipaka jiki. Jiki kwenye nguo nyeusi! Pakatokea baka la rangi ya chai, kubwa kama sahani. Nilikimbilia paani nikilia, nikamuuliza Saida nilizike wapi lile vazi.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanifundisha neno ambalo nawapa na nyinyi bure. Kosa ukilisema mwenyewe ni kosa, likigunduliwa linakuwa wizi. Nilishuka nikasema. Madam alipiga kelele mpaka adhana ya magharibi, halafu akaanza kuivaa ile abaya jikoni, na aliivaa miaka.

Saida ndiye aliyenifundisha kwamba vumbi la Riyadh halianzwi na maji. Dhoruba ikipita, unachukua brashi kavu kwanza, kitambaa kibichi baadaye, la sivyo unajipikia tope kwenye madirisha. Alinifundisha gahwa, kahawa yao, inamiminwa kidogo tu kikombeni, ukimjazia mgeni ni kama unamwambia anywe aondoke. Na zaidi ya yote alinifundisha kuisoma nyumba. Maneno yake nayakumbuka yalivyo.

"Wakesho, sebule ni ya wageni, usiitazame. Tazama mlango wa chumba chako, kitasa kiko ndani au kiko nje. Tazama choo chako kama maji yatoka. Mtazame apikaye, ala ameketi au ala amesimama. Nyumba husomwa kwa nyuma, mwanangu."

Aliyasema kwa sababu alikuwa ameona wasichana waliofungiwa kwa nje. Wengine waliruka ukuta wakaishia Manfuha, kwenye vyumba vya kupanga vya zamani, bila ikama, kibali cha kuishi kule, wakijificha kila gari la polisi likipita. Kwa hiyo msidhani ni umbea. Ile elimu ya vitasa iliniokoa mara mbili. Nilipotoka kwa madam yule wa kwanza, ofisi ya wakala kule Murabba ilinipeleka nyumba yenye komeo nje ya chumba cha msichana, nikakataa kuingia hata begi likiwa limeshafika ndani. Na nyumba ya pili pia nilikataa, ile ambayo msichana niliyemkuta alikuwa akila amesimama karibu na sinki. Nilikubali ya tatu, kwa Madam Abir na mumewe, kafili wangu aliyeshika karatasi zangu, nikakaa huko mpaka mwisho.

Sasa tuje kwenye shule. Nyinyi mliofanya mtihani wa darasa la nane hamkuonja hii. Siku hizi mtoto akiwa Gredi ya Tisa anaulizwa anataka mkondo gani, sayansi, jamii, ama sanaa na michezo, na ndani ya mkondo kuna masomo, na kwa kila kitu kuna shule za kuchagua. Zile nzuri za serikali zinachuja. Zinachukua wachache, na kila mzazi anataka wa kwake awe mmoja wao. Ukikosea mpangilio, mtoto anatupwa ambako hakuna aliyetaka. Angalau ndivyo nilivyoambiwa na kila mtu niliyempigia, na niliwapigia wengi. Sikupata usingizi wa maana kwa wiki nzima. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nilikuwa nimeishika fimbo nikiwa Riyadh, nyoka yuko Voi.

Shule zilizobaki mezani zilikuwa mbili. Moja iko juu milimani, Taita kwenyewe, ya wasichana watupu, bweni, inasifika kwa sayansi. Sisi tuliiita ya mlimani. Ya pili iko huku chini karibu na reli, wavulana na wasichana, ina karakana ya umeme na vyuma, na inachukua wachache wa kutwa wanaorudi kwao jioni. Hiyo tuliiita ya reli. Mghoi alikuwa na alama za kumtosha kokote kati ya hizo, alhamdulillahi kama Saida angesema. Mimi nilimtaka mlimani. Mtoto anayelelewa na nyanya mwenye presha, mama yuko ng'ambo, baba alishajiendea zamani, nilitaka awe mahali ambapo jioni mtu mzima anahesabu vichwa.

Lakini sikutaka kukubali sifa za watu. Nilifanya nilichojua kufanya. Nilimpigia mdogo wangu Mwakio, yule wa bodaboda, nikamwambia aende shule zote mbili, amchukue na Mghoi, anipigie picha za video. Mwakio wangu ni mtu mwema, lakini kichwani kumejaa upepo wa barabarani. Akaniletea lango, bendera, kabati la vikombe, na gari la mwalimu mkuu ambalo alilipiga kutoka pembe nne. Nilimrudisha. Nikamwambia, Mwakio, nataka milango ya mabweni, vitasa, vyoo, kamba za nguo na jikoni. Akaniuliza kama natafuta shule ama nafungua gesti.

Alienda tena, akilalamika. Kule mlimani mpishi alidhani katoka ofisi ya afya, akampa chai na maandazi ili aandike mema. Video zilinifurahisha. Maji yanatoka. Vitasa viko ndani. Kamba za nguo ziko juani, tena mbali na njia. Mpishi na wasaidizi wake wanakula wameketi, wanataniana. Niliitazama ile video nikikunja shuka, moyo ukatulia kama maziwa yakitolewa motoni.

Ya reli ilikuwa aibu. Mlango wa choo cha wasichana hauna komeo, umefungwa kwa kamba. Bomba moja linatiririka, jingine limekufa. Halafu Mwakio akaingia karakana, mashine zimejipanga, watu wameinama, na hapo nikaipitisha video haraka kwa kidole. Hapakuwa na kitanda humo, wala maji, wala mlango wa kulinda. Nilikuwa nimeshaamua.

Sasa jambo la ajabu ni kwamba ndani ya nyumba ile ile alikuwapo mama mwingine anayeugua ugonjwa wangu. Lulwa, binti wa mwisho wa Madam Abir, alikuwa amefaulu mtihani wa madarasa ya watoto wenye vipawa katika shule za serikali za huko. Riyadh alipata shule yenye darasa la sayansi. Jeddah, karibu na kwa mama yake madam, palikuwa na nyingine ya hesabu na kompyuta. Madam alitaka Jeddah, arudi kwao akae karibu na mama yake. Baba mwenye nyumba alitaka Riyadh, kwa sababu kazi yake iko Riyadh. Kila jioni walivutana. Nilikuwa nikimimina gahwa nikasikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kinywani mwa mwanamke wa Kiarabu, atafanyaje huko, atalia, walimu wakali, na tukikosea je?

Siku moja aliniuliza jikoni mimi ningefanyaje. Kwa Kiarabu changu cha kuokoteza nikamwambia ningeanza na choo. Alicheka sana. Kesho yake akaenda akakiangalia, akarudi kuniambia ni kisafi, na bado hakulala. Yeye aliswali istikhara, sala ya kuomba mwongozo, mimi nikasoma zaburi nikiosha masufuria, na asubuhi tuliamka wote wawili na macho mekundu.

Lulwa nilimjua kama kiganja changu. Nilijua anapenda nyota na sayari na anachukia kuandika insha. Nilimshikia kadi za maswali kabla ya ule mtihani, nikiwa sielewi hata moja, nikitazama tu uso wake kujua kama amepatia. Nilijua ni mwalimu gani anamtia hofu na ni rafiki yupi amemnunia. Ungeniuliza wakati huo Mghoi anapenda nini darasani, ningekwambia ni mtoto mwenye adabu, anafua nguo zake mwenyewe. Hilo lilikuwa linanichoma, lakini nililifunika, kama tunavyofunika mengi.

Likizo ya shule za huko ilipoanza, tulifunga safari ya kwenda Jeddah kwa gari. Njia ni ndefu, jangwa tupu, ngamia wachache na vituo vya mafuta. Nilikuwa nimeshamwambia Mghoi kwa ujumbe wa sauti aandike ya mlimani iwe ya kwanza. Nilijua shule inakusanya machaguo siku zile zile, nikaona mambo yameisha. Hata Madam Abir nilikuwa nimeshamkubalia mkataba mwingine, na baba alikuwa ameanza kushughulikia ikama yangu.

Tulisimama kituo kimoja kabla ya milima ya Taif. Baba na madam wakaenda kuswali. Mimi nikabaki garini na Lulwa, amelala kiti cha nyuma, kichwa chake kiko pajani mwangu. Simu ikalia, namba ya mwalimu wa darasa la Mghoi. Mwalimu yule ni mstaarabu, alinisalimia vizuri, akauliza habari za kazi, kisha akasema anafunga machaguo siku hiyo kabla watoto hawajaenda nyumbani, na mtoto wangu ndiye peke yake hajasema neno. Nikauliza kama amekataa. Akasema hajakataa, ila anataka kuzungumza na mama yake kwanza.

Mghoi akachukua simu, akaniamkia. Sikumngoja. Nilimmiminia yote, vitasa viko ndani, maji yanatoka, mpishi ana roho nzuri, nguo zinaanikwa juani.

"Mama," akasema, "unanitafutia kafili."

Nilicheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Vitasa, choo, mpishi. Hayo ni maswali ya mtu anayeenda kukaa kwa watu. Umeuliza nitalala wapi, hujauliza nitasoma nini."

Nikamwambia basi aseme yeye anataka kusoma nini, kama ni ule umeme wa pale reli. Na sauti yangu ilikuwa kali, maana mtu akiguswa penye jipu huwa mkali. Akaniambia ndiyo, anapenda karakana, siku ile na Mjomba Mwakio alifungua mota akairudisha na mwalimu akamsifu, na si nilimwona kwenye video? Sikumwona. Nilikuwa nimempitisha kwa kidole.

Lakini hakuwa amemaliza, na alipoendelea aliongea polepole, kama mtu anayepita na mtungi umejaa.

"Hata mlimani kuna sayansi, ningevumilia. Si hilo, Mama. Hebu fikiria mwenyewe. Nikienda bweni miaka mitatu, nikitoka hapo naenda chuo. Wewe ukirudi, mimi nitakuwa nimeshaondoka. Sisi tutaishi pamoja lini?"

Mkono wangu ulikuwa kwenye nywele za Lulwa. Nilikuwa nazichezea bila kujua, kama nilivyozoea. Niliuondoa. Kisha nikaurudisha, maana mtoto yule hakuwa na kosa lolote.

Niwaambie ukweli, wasichana wangu, niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya komeo la nje. Kama ningesema mlimani, mtoto wangu angekuwa salama na ningemkosa. Kama ningesema ya reli halafu nisirudi, ningekuwa nimemwacha jioni zote na nyanya mgonjwa, choo cha kamba, barabara ya malori, kwa ahadi ya hewa. Kuchagua shule ile ilikuwa ni kuapa kwamba narudi. Na neno la kurudi sikuwa nimelisema kwa mtu, hata kwa Mungu. Nilitazama nje, nikaona madam ameshatoka kuswali, anafunga shela yake akija upande wetu. Mwalimu alikuwa anasikika nyuma ya Mghoi akikohoa, kile kikohozi cha adabu.

"Andika ya reli," nikasema.

"Unasema kweli ama unaniambia tu?"

"Andika, Mghoi. Kutwa."

Hakushukuru, na sikutaka anishukuru. Alisema tu sawa, akamrudishia mwalimu simu yake. Madam alifungua mlango, akaniona uso, akauliza kama kuna msiba. Nikamwambia mafi, hakuna msiba. Tukaendelea na safari, na kwenye kona za Taif nilitapika, nikasingizia milima.

Jeddah ina joto la maji, si kama la Riyadh. Nguo hazikauki, zinachemka tu kwenye kamba. Kwa siku kadhaa nilibeba lile neno nikiwa nakaanga na kufagia nyumba ya mama yake madam, nikitafuta pa kulitua. Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Ninyi mnajua, ama mtajua, kwamba mtu hatoki kule kama anavyotoka hapa kwenda sokoni. Kafili akikasirika anaweza kukuzungusha. Nilijiona niko Manfuha, naruka ukuta na magoti haya.

Nikamkumbuka Saida na abaya, nikaamua kulisema mwenyewe kabla halijagunduliwa. Nilimkuta madam jikoni, peke yake, analia juu ya bakuli la tende. Baba alikuwa ameshatoa neno lake la mwisho usiku ule, Riyadh, halas, hakuna mjadala. Hakuulizwa yeye, na Lulwa hakuulizwa. Haikuwa saa nzuri ya kumwongezea mtu, lakini nyingine isingekuja. Nikamwambia sitarefusha mkataba. Huu ukiisha, naenda kwetu moja kwa moja.

Alisema mafi mara nyingi. Aliniambia nimekula naye, nimesafiri naye, nimemlelea mtoto. Halafu akauliza jambo moja tu, kwa sauti ndogo.

"Na Lulwa nani atamwamsha asubuhi?"

Nilikuwa na jibu kali tayari ulimini. Nikalimeza. Nikamwambia wangu naye ameamshwa na mtu mwingine miaka yote hii. Hakuwa amewahi kufikiria hilo, nadhani, ama alifikiria akalifunika, kama mimi. Alininunia. Alizungumza nami kwa vidole, lete hiki, ondoa kile. Baada ya siku nyingi aliniita, akasema atamwambia baba aandae karatasi zangu za kuondoka wakati ukifika, ila Lulwa nimwambie mimi mwenyewe. Nilimwambia. Alilia, kisha akauliza kama Mghoi naye alifanya mtihani wa watoto wenye vipawa. Nikasema amefanya mtihani, tunangoja serikali iseme kapangiwa wapi.

Na kungoja huko, wasichana! Kuchagua si kupata. Mlimani tulikuwa tumeiweka ya pili, na nilijua wanaweza kumtupa huko huko, nikaja nyumbani nikakuta kitanda kitupu. Nilirudi Riyadh nikapiga pasi majoho ya baba mpaka yakasimama yenyewe. Nilimsumbua Saida kwa simu kila alasiri, akaniambia asiyekuwapo na lake halipo, ndiyo, lakini mimi ninakwenda kuwapo, basi ninyamaze. Siku majina yalipotoka, Mwakio alinitumia ujumbe wa sauti usio na neno hata moja. Ilikuwa honi ya pikipiki tu, mwanzo mpaka mwisho. Nilikaa sakafuni jikoni nikaisikiliza tena.

Msije mkasema Mama Mghoi anadharau vitasa. Sidharau. Nendeni navyo, Saida alisema kweli, na nyumba yoyote yenye komeo nje msiingie. Hata pale ya reli sikunyamaza. Mkutano wa kwanza wa wazazi niliouhudhuria kwa miguu yangu mwenyewe nilisema habari za choo cha kamba, mwenyekiti akaniambia fedha hakuna, na mwalimu wa karakana akasimama akasema wanafunzi wake watatengeneza makomeo kama zoezi. Wametengeneza. La Mghoi limepinda kidogo, lakini linafunga.

Nilifika nyumbani siku ya shule, mchana. Mama yangu alinipokea, tukalia kidogo, akanipa uji. Nikasema nijinyooshe tu kwenye kochi, mara moja. Miaka yote ile sikuwa nimelala mchana wa jua, kwa sababu mchana si wa kwako ukiwa kwa watu, na nikalala kama niliyepigwa. Mama anasema Mghoi alikuja jioni na mikono ya grisi, akanikuta, akakataa niamshwe. Akavuta kigoda akakaa hapo hapo karibu na kichwa changu, akafanya kazi yake ya shule kwenye mapaja.

Nilipofungua macho alikuwa ananitazama. Amekuwa mrefu, shingo imetoka, ana uso wa mama yangu. Hakunirukia kama watoto wanavyofanya kwenye simu.

"Mama," akasema, "umekuja ama umepita?"

Nikamwambia nimekuja. Akatikisa kichwa, akafuta mikono yake kwa sketi, akalivuta begi langu lililokuwa bado limefungwa pale mlangoni, akalifungua, akaanza kupanga nguo zangu kabatini pamoja na zake.